Mtungi wa Kuzimia Moto Hauchomi Bweni

Mwandishi aliyedai kuwa kuweka naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidiwa na afyuni, katika mabweni ya vyuo vya Marekani ni kuwaalika wanafunzi watumie dawa za kulevya, namuuliza: mtungi wa kuzimia moto uliotundikwa ukutani umemshawishi nani achome bweni?

Naloksoni hailevyi. Huing'oa afyuni kwenye vipokezi vya ubongo ili mtu apumue tena. Na anayezidiwa si lazima awe mraibu. Huenda ni kijana aliyemeza kidonge kimoja cha kukeshea mtihani, kumbe ni bandia, kimetiwa fentanili, afyuni kali. Akiwa hai ataonywa, maiti haihubiriwi.

Anasema pia tuwasubiri wahudumu wa dharura. Waitwe, tena mara moja, maana nguvu ya naloksoni yaweza kuisha baada ya dakika 30 hadi 90, sumu ingali mwilini. Lakini kuwasubiri tu hakutoshi: ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika ndani ya dakika chache.

Mwaka 2023 Marekani iliruhusu naloksoni ya kupuliza puani iuzwe bila cheti cha daktari. Dawa inayouzwa dukani kwa yeyote, kwa nini mwanafunzi anyimwe chumbani, mahali hasa mwenzake anapoanguka?