Mwalimu, piga hesabu kabla ya kutia sahihi

Majuma machache yaliyopita mwalimu kijana ninayefundisha naye hapa Kitale alinitembelea nyumbani jioni akiwa na fomu ya mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Fomu ilikuwa imejazwa yote isipokuwa sehemu ya wadhamini, naye alitaka niwe mmoja wao. Nilipomuuliza mkopo ulikuwa wa nini, alitabasamu akaelekeza kidole uani, lilikoegeshwa gari langu. "Mwalimu, nataka kama hilo lako," akasema. "Linakula mafuta kidogo, na bei ya petroli haituachi tupumue."

Gari hilo ni saluni ya haibridi, Toyota Corolla Axio, ambayo nimekuwa nayo kwa mwaka wa nne sasa. Sikutia sahihi siku ile. Nilimwomba anipe juma moja, nikaketi na daftari langu la mafuta, nikapiga hesabu ambayo, nakiri, sikuipiga kwa ukamilifu kabla ya kununua langu. Makala haya ndiyo matokeo ya hesabu hiyo. Nayaandika kwa sababu kijana huyu hayuko peke yake. Katika vyumba vya walimu, kuanzia Kitale hadi Bungoma, gari la haibridi limekuwa gumzo la saa ya chai, na aghalabu anayesikilizwa zaidi ni yule mwenye sauti kubwa, wala si mwenye daftari.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Gari la haibridi lina injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, na vyote viwili vinaweza kuyazungusha magurudumu. Aina ninayoizungumzia haichomekwi kwenye umeme wa nyumbani. Betri yake hujazwa na injini, na pia gari linapopunguza mwendo au linapoteremka, mota hugeuka ikawa jenereta na kurudisha nguvu betrini. Katika gari la kawaida nguvu hiyo hupotea bure kama joto la breki. Wazo lenyewe ni la zamani, kwani Ferdinand Porsche aliunda gari la namna hii mnamo mwaka wa 1900. Hata hivyo, ni kampuni ya Toyota iliyolifikisha kwa umma ilipoanza kuuza Prius nchini Japani mnamo Desemba 1997. Axio ya haibridi ilifuata mwaka wa 2013. Kwa kuwa Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika ambayo hayajazidi miaka 8 tangu yasajiliwe mara ya kwanza, magari haya yakatufikia kupitia bandari ya Mombasa.

Je, ni kweli kwamba yanakula mafuta kidogo? Naam, ni kweli, lakini si kwa kiasi kinachotajwa na wauzaji. Tarakimu za kiwanda zinazungumzia zaidi ya kilomita 30 kwa lita. Tarakimu hizo zilipatikana katika majaribio rasmi ya Kijapani, mahali ambapo hakuna mlima, matuta ya barabarani wala gunia la mahindi ndani ya buti. Daftari langu linasema kilomita 20 kwa lita, kwa wastani. Gari nililokuwa nalo awali, Corolla ya kawaida yenye injini ya ukubwa uleule wa lita moja na nusu, lilinipa kilomita 14. Tofauti hiyo si haba, na singependa msomaji adhani kwamba naikejeli.

Mimi nafundisha Kitale, mke wangu anafanya kazi Bungoma. Kwa hivyo barabara ninayoijua vyema ni ile ipitayo Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye kabla ya kugeuka kuelekea Bungoma. Wenzangu hudhani kwamba haibridi inanifaa kwa sababu nateremka. Hoja hii inavutia, na nimewahi kuwapa wanafunzi wangu waichunguze darasani. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, nayo Bungoma takriban mita 1,400. Chukua gari lenye watu na mizigo, tungamo lake kilo 1,500. Zidisha kwa 9.8, kisha kwa mita 500 za mteremko. Utapata zaidi kidogo ya jouli milioni 7, yaani kilowati-saa 2 hivi. Lakini betri ya gari langu hubeba chini ya kilowati-saa 1, na kompyuta yake hairuhusu itumike yote, ili isichakae mapema. Fauka ya hayo, mteremko wenyewe umetawanyika katika safari ya takriban kilomita 80, hata nguvu nyingi humezwa na upepo na msuguano wa magurudumu kabla breki haijaguswa. Wakati wa kurudi Kitale, mlima nao hudai haki yake. Ukizingatia kwamba lita moja tu ya petroli ina takriban kilowati-saa 9, utaona kuwa zawadi ya mteremko ni ndogo.

Haibridi hung'ara hasa mahali pa kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka: msongamano wa Nairobi, au mji wa Kitale siku ya soko. Huko injini huzimika yenyewe na gari likasogea kwa umeme. Katika barabara kuu, unapokwenda kilomita 80 kwa saa bila kusita, injini hufanya kazi karibu wakati wote na faida hupungua. Ajabu ni kwamba wengi wetu mashambani hununua haibridi kwa ajili ya safari ndefu, ilhali ubora wake mkubwa uko katika foleni za mjini.

Sasa tuje kwenye shilingi. Mnamo Oktoba 2025 lita ya petroli iliuzwa Nairobi kwa Sh184.52. Tuchukue Sh185 ili hesabu iwe nyepesi. Gari la kilomita 14 kwa lita hunywa lita 7.14 kila kilomita 100, na la kilomita 20 hunywa lita 5. Tofauti ni lita 2.14, yaani Sh396. Hiyo ndiyo akiba ya haibridi kwa kila kilomita 100. Tuseme gari la haibridi limemzidi mwenziwe wa kawaida wa umri uleule kwa Sh250,000. Gawanya, nawe utaona kwamba unahitaji kwenda kilomita 63,000 hivi ndipo ziada hiyo irudi mfukoni. Bei zikibadilika, weka tarakimu za muuzaji wako na za kituo chako cha mafuta. Njia ya hesabu ni ileile.

Mimi huenda kama kilomita 400 kwa wiki, jumla yake ikiwa zaidi ya kilomita 20,000 kwa mwaka. Kwangu mimi ziada inarudi katika mwaka wa nne. Nimenufaika, ingawa kwa kubahatisha zaidi kuliko kwa busara. Lakini kijana wangu anakaa mwendo wa kilomita 3 kutoka shuleni. Tulipojumlisha safari zake za kazini, kanisani, sokoni, na ya kwenda kuwaona wazazi Bungoma mara moja kwa mwezi, hatukuvuka kilomita 5,000 kwa mwaka. Yeye angehitaji zaidi ya miaka 12 kurudisha Sh250,000. Isitoshe, hana fedha hizo mkononi, anazikopa. Kwa riba ya asilimia 1 kila mwezi kwa salio linalopungua, katika miezi 48 angelipa riba ya takriban Sh61,000 kwa ile ziada pekee. Miaka 12 inakaribia kuwa 16. Gari lililokuja likiwa na umri wa miaka 7 litakuwa limetimiza miaka 23. Sijui ni betri gani itakayomngoja hadi siku hiyo.

Na hiyo betri ndiyo kitendawili cha gari lenyewe. Mwaka wangu wa pili, mnamo Januari, wakati upepo wa kiangazi unapoinua vumbi jekundu la Trans Nzoia, taa nyekundu ya pembetatu iliwaka mbele yangu nikiwa njiani kwenda Webuye. Gari likapoteza nguvu. Fundi mmoja aliniambia kwamba betri kubwa imekufa, akanitajia Sh140,000 za kuweka nyingine iliyotumika. Nilikuwa karibu kukubali. Kwa bahati nilimpata fundi mwingine, kijana aliyefungua kifuniko kando ya kiti cha nyuma na kunionyesha kichujio cha feni inayoipoza betri. Kilikuwa kimeziba kwa vumbi na nyuzi za gunia. Alikisafisha, akafuta alama ya hitilafu kwa mashine yake, na betri ileile inanihudumia hadi leo. Tangu wakati huo nimejifunza kukisafisha kichujio kila baada ya miezi mitatu, na sipakii magunia mbele ya tundu lile la hewa.

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu kinatufunza kwamba uzima wa gari hili unategemea ujuzi wa fundi kuliko gari la kawaida. Betri ya Axio ina volti 144, na nyaya zake za rangi ya machungwa zinaweza kumuua anayezishika bila kujua. Fundi aliyezoea kufungua injini chini ya mwembe hapaswi kuzigusa kwa kubahatisha. Hapa ndipo ninapotoa rai kwa vyuo vyetu vya ufundi, kikiwemo Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha Kitale na kile cha Sang'alo, Bungoma: somo la magari ya haibridi na ya umeme lipewe uzito unaolingana na idadi ya magari hayo yanayopita malangoni pao. Mwanafunzi anayesoma makala haya, na ambaye hajui atafanya nini baada ya kidato cha nne, aitazame kazi hii kwa makini. Mteja wake wa kwanza huenda akawa mwalimu wake.

Kwa upande wa serikali, ni vyema tukumbuke kwamba si soko la dunia peke yake linalotusukuma tukimbilie magari haya. Ushuru wa thamani ya ziada kwa mafuta ulipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mnamo Julai 2023, na tozo ya ukarabati wa barabara ikapanda kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita mnamo Julai 2024. Anayeongeza bei ya mafuta ana wajibu pia wa kuhakikisha kwamba wananchi wana njia nafuu za kusafiri. Kama mwalimu angeweza kwenda Bungoma kwa basi safi linaloondoka kwa saa maalumu, asisubiri matatu ijae hadi mlangoni, pengine hii fomu ya mkopo isingeandikwa.

Niwe mwadilifu kwa gari langu. Ni tulivu, halinisumbui mjini, na breki zake hudumu kwa kuwa mota husaidia kulisimamisha. Mwenye kusafiri sana, mwenye fundi anayemwamini, na mwenye fedha zake taslimu, na alinunue, hatajuta. Lakini mwenye safari fupi na mkopo mrefu anajinunulia jina. Akiba ya mafuta ataiona kituoni, kisha ataipeleka yote, na zaidi, kwenye riba.

Jambo moja la mwisho linatuhusu sisi walimu kuliko wengine. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inataka makato yasizidi theluthi mbili za mshahara. Sheria hiyo iliwekwa kama ukuta wa kumlinda mfanyakazi, lakini wengi wetu tumeifanya kuwa shabaha: tunakopa hadi tuuguse ukuta. Ugonjwa ukibisha hodi, au mtoto akiitwa chuoni, hakuna nafasi iliyosalia. Mdhamini naye hubaki akilala jicho wazi, kwa sababu mkopaji akishindwa, akiba ya mdhamini ndiyo inayokatwa.

Juma lilipokwisha kijana alirudi. Nilimwekea hesabu mezani, tarakimu zake mkabala na zangu. Alizitazama kwa muda mrefu, akauliza maswali mawili ya riba, kisha akaikunja fomu. Sikumkataza kununua gari. Mama yake ni mgonjwa na safari za Bungoma hazikwepeki. Nilimwambia kwamba akileta fomu ya gari la kawaida, la bei inayomwachia pumzi, sahihi yangu ataipata usiku uleule. Aliondoka bila kusema neno, nami sikulala vizuri, nikihofia kwamba nimemvunja moyo.

Jumatatu alinikuta karibu na ubao wa matangazo. "Mwalimu," akaniambia, "naomba unitolee nakala ya ile hesabu. Kuna wenzangu wawili Kiminini wanaotaka kuiona kabla ya mwisho wa mwezi." Nimempa. Nawe msomaji, nakupa pia.