Ratiba za Michezo na Swala ya Ijumaa

 

Kila unapokaribia mwezi wa Juni, shule za sekondari za Muleba na Bukoba huingia katika pilikapilika za UMISSETA. Huanza ngazi ya shule, kisha kata, wilaya na mkoa hadi taifa, na wachache huvuka mpaka kwenda michezo ya shule za Afrika Mashariki, kama ile ya Arusha mwaka 2022 na ya Kakamega, Kenya, mwaka 2025, ambako mpira wa magongo nao huchezwa. Sisi hatumo miongoni mwa wanaoiita michezo upuuzi. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Mama Aisha (R.A.), aliwapangia masafa wapanda farasi, na aliwaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki msikitini mwake siku ya Idi. Neno letu ni juu ya jambo dogo kwa mpangaji na kubwa kwa mwenye kulikosa, nalo ni mapumziko baina ya raundi moja na nyingine.

Mwaka mmoja tulikuwa na vijana wa madrasa yetu katika timu mbili za mashindano ya hapa hapa nyumbani. Ratiba ilionyesha mapumziko ya Ijumaa kuwa saa 6:00 hadi saa 7:00 mchana. Tulipouliza, tukajibiwa kwa upole kuwa saa hiyo imetengwa makusudi kwa chakula na ibada. Hatuna shaka na nia ya aliyeandika. Kosa lilikuwa katika hesabu. Nchi yetu nzima inafuata saa iliyowekwa kwa longitudo ya digrii 45 mashariki, ilhali Bukoba iko karibu na digrii 32, na kila digrii moja ni dakika nne. Ndiyo maana katikati ya Juni jua hupinduka Dar es Salaam kiasi cha saa 6:23, na kwetu kiasi cha saa 6:53. Anayepanga saa ya ibada ya Kagera kwa mazoea ya pwani atakuwa amekosea kwa nusu saa. Siku ile muadhini alikuwa ndiyo kwanza anapanda kuadhini, na refa naye anapuliza filimbi ya kuziita timu uwanjani.

Mlinda mlango mmoja, kijana wa miaka 16, alitukimbilia akiwa na glavu mkononi: "Ustadh, nifanye nini?" Tulimjibu kama tulivyofundishwa, naye akavua jezi akaja kuswali. Timu yake ilifungwa mabao matatu, na mpaka leo wenzake wanamhesabia yeye. Jawabu letu lilikuwa sahihi kisheria, na hatulijutii. Lakini tunakiri limekuwa likitukosesha raha, kwani mzigo uliopaswa kubebwa na watu wazima kikaoni tulimtwika mtoto ndani ya dakika mbili.

Na tuwe waadilifu. Hatudai kila adhana isimamishe mchezo. Wakati wa Alasiri ni mpana: mechi ya dakika 90 ikianza saa 10:00 jioni, pamoja na dakika 15 za mapumziko, humalizika kabla ya saa 12:00, na kwetu mwezi Juni jua huzama karibu saa 12:55. Aliye safarini, kama walio kambini kwenye fainali za taifa, anayo ruhusa ya kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Ijumaa haimlazimu kwa kauli ya jumhuri ya wanazuoni (juu ya masafa ya safari wana maneno marefu, si mahali pake hapa). Lakini mvulana aliyebaleghe anayecheza katika kata ya kwao ni mkaazi, na udhuru huo hana. Ijumaa haiahirishwi mpaka jioni wala hailipwi. Aliyeikosa huswali Adhuhuri. Katika Surat Al-Jumu'a, aya ya 9 na ya 10, tumeamrishwa kuacha biashara inapoadhiniwa, kisha tumeruhusiwa kutawanyika kutafuta riziki swala inapokwisha. Kazi ipo kabla, na kazi ipo baada. Na hata vitani, kwa mujibu wa Surat An-Nisaa aya ya 102, swala hupangiwa zamu, kundi moja likiswali na jingine likilinda.

Wako watakaosema kuwa ratiba ya michezo haiwezi kungojea dini. Watazame Marekani. Katika ubingwa wa magongo ya barafu wa vyuo vya huko, wenye timu 16 tangu mwaka 2003, baina ya raundi za kanda na nusu fainali hupita kiasi cha wiki mbili. Nusu fainali huwa Alhamisi, fainali Jumamosi, na Ijumaa ni ya kupumzika! Hawakuifanya kwa ajili yetu, bila shaka. Lakini yako yaliyofanywa kwa ajili ya dini hasa. Chuo Kikuu cha Brigham Young, cha madhehebu ya Wamormoni, hakichezi Jumapili, na katika ubingwa wa mpira wa kikapu hupangwa upande wa Alhamisi na Jumamosi. Kanuni inakitaka jambo moja tu: kiwasilishe msimamo wake kwa maandishi mapema.

Hapo ndipo aibu inaturudia sisi. Ibara ya 19 ya Katiba tunaitaja mimbarini kila mwaka, lakini tulipofuatilia tuligundua kuwa kikao cha ratiba kilikaa wiki kadhaa kabla, walimu Waislamu wawili wakiwemo, na hakuna msikiti hata mmoja uliopeleka barua. Walipanga walichokijua.

Barua ya Kimwani safari hii imekwisha andikwa. Ni ya ukurasa mmoja, haina lawama, na inaomba mambo mawili: Ijumaa iwe siku ya kupumzika baina ya raundi pale siku zinaporuhusu, na pasiporuhusu, mapumziko yaanze saa 6:45 hadi saa 8:15 mchana. Misikiti ya kata nyingine inaweza kuinakili ilivyo na kuifikisha kwa maafisa michezo kabla kikao hakijakaa.

Kijana yule sasa yuko Kidato cha Nne. Msimu huu hakujiandikisha.