KAZI YA MIKONO: Uliza kitambaa kwanza



Mwezi huu ninataka kusema nanyi juu ya kazi ambayo imeingia sana katika miji yetu ya migodi: kubandika maandishi na picha juu ya nguo kwa moto. Vijana wanaiita flokaji. Munaona triko za korali, za timu ya mpira, za matanga, za siku ya kupata diplome. Ni kazi nzuri, haiombi nafasi kubwa, hata chumba kimoja kinatosha. Lakini iko na mtego. Na mtego huo haukai katika mashini, unakaa katika kitambaa.

Acheni niwaambie namna tulivyonaswa sisi wenyewe.

Vijana watatu wa parokia yetu walinunua presi ya moto iliyokwisha kutumika. Feza ilitoka katika likelemba ya wamama. Kisha korali ikaomba triko 40 nyekundu, maandishi meupe. Mimi nilienda pamoja nao sokoni. Kulikuwa triko za pamba, bei juu. Kulikuwa tena triko za michezo, laini, zenye kung'aa, bei chini. Nikawaambia: "Twaeni hizi, wana wangu, zitapendeza." Walinisikiliza, sababu mimi ni mchungaji wao.

Siku ya kuzitoa kila mutu alifurahi. Baada ya juma moja mama mmoja wa korali akafika kwangu na triko mkononi. "Papa Pasta, angalia. Maandishi haiko nyeupe tena, iko rozi!" Ilikuwa kweli. Na kwenye kifua cha kila triko kulibaki alama ya presi, mraba unaong'aa, hauondoki hata kwa kufua. Korali ikakataa kulipa feza iliyobaki, na walikuwa na haki. Likelemba ilingoja miezi mitano. Katika likelemba ile kulikuwa mama ambaye zamu yake ilikuwa imefika, alitaka kulipa minervali ya mutoto. Mutoto akabaki nyumbani. Mashini haikukosa, na vijana hawakukosa. Mimi ndiye niliyechagua kitambaa.

Tulikosa nini? Triko zile zilikuwa za poliesta. Poliesta haitoki shambani kama pamba. Ilivumbuliwa Uingereza na Whinfield na Dickson mwaka 1941, na nyuzi zake zinatengenezwa kutoka mafuta ya petroli. Rangi inayotiwa ndani yake, ukiipasha moto mwingi, inageuka kama moshi na kupanda juu. Basi wekundu wa triko ulipanda, ukaingia ndani ya weupe wa maandishi. Wakati mwingine hauonekani siku ile ile, unakuja nyuma, wakati mwenye nguo amekwisha kwenda nayo kwake.

Kwa hiyo, kijana, kabla ya kupokea feza ya mutu, jua kitambaa ulicho nacho mkononi.

Pamba ni rafiki wa mwenye kuanza. Haiyeyuki, inavumilia moto, ukizidisha sana ndipo inaungua na kugeuka rangi ya kahawia. Vinili nyingi zinaomba digrii 150 hadi 160, sekunde 10 hadi 15. Lakini soma karatasi ya vinili yako, ndiyo yenye neno la mwisho. Pamba iko na tabia mbili za kuangalia. Ya kwanza, inakunywa maji ya hewa, zaidi sana wakati wa mvua. Kwa hiyo ikandamize tupu kwanza, sekunde tano, mvuke utoke. Ya pili, ikiwa mpya iko na amidoni, tena inaweza kujikunja ikifuliwa. Ifue kwanza. Vile vile kikwembe: kile cha pamba kinashika vizuri kikiisha kufuliwa, lakini sokoni kuna vingi vya poliesta vinavyofanana nacho.

Poliesta haiko adui, inaomba heshima. Tafuta vinili iliyofanywa kwa ajili yake, yenye kuzuia rangi isipande, na moto mdogo, karibu digrii 130. Usiweke maandishi meupe juu ya poliesta nyekundu na vinili ya kawaida. Hapo tulianguka sisi.

Lakini kuna kazi moja ambapo poliesta inashinda pamba: sublimasio. Hapo wino wenyewe unageuka mvuke, karibu na digrii 200, na kuingia ndani ya nyuzi. Picha haisikiki kwa kidole, wala haibanduki. Lakini inaomba poliesta nyeupe au ya rangi nyepesi. Juu ya pamba, siku ya kwanza utasifiwa. Siku ya kufua, picha inabaki katika beseni. Nguo ya mchanganyiko, nusu pamba nusu poliesta, itakupa picha iliyofifia, kwa kuwa ile nusu ya pamba haishiki wino.

Makoti ya mvua na miavuli, uwe na angalisho. Vimepakwa dawa ya kufukuza maji, na dawa ile inafukuza gundi pia. Nailoni inaomba vinili yake ya pekee. Ile mifuko ya sokoni inayofanana na kitambaa, mingi ni ya polipropileni: inayeyuka karibu na digrii 160, itabaki kwenye presi yako kama ubugali uliokauka katika chungu. Switi za akriliki, ziache. Na kitambaa chenye mistari ya kupanda na kushuka, au manyoya kama taulo, hakishiki vema, sababu gundi inagusa vichwa tu, haifiki ndani.

Sasa utasema: "Papa, mimi ninanunua salaula, etiketi imekwisha kukatwa. Nitajua namna gani?" Swali zuri. Vuta nyuzi chache kutoka pindo la ndani. Zishike kwa kibano, nje ya nyumba, juu ya sahani yenye mchanga, watoto wakae mbali. Washa kibiriti. Ikiungua kama karatasi, harufu ya karatasi, jivu laini linalopeperuka, hiyo ni pamba. Ikikimbia moto, ikiyeyuka na kuacha tone jeusi gumu, hiyo ni poliesta au ndugu yake nailoni. Ikinuka kama nywele zinazoungua, ni sufu. Ikifanya mambo mawili pamoja, ni mchanganyiko. Usiguse lile tone, linachoma mpaka kwenye nyama.

Kisha fanya jaribio. Bandika herufi moja kwenye kipande cha kitambaa kile kile. Ngoja siku moja nzima. Geuza ndani nje, ufue mara tatu, uanike, ukivute kwa mikono miwili. Kama herufi imebaki, pokea kazi. Kama imepasuka au kugeuka rangi, umepoteza herufi moja, haukupoteza triko 40.

Na wale ambao hawana presi? Pasi ya umeme inaweza kazi ndogo, bila mvuke, juu ya meza ngumu, na karatasi ya kuokea mikate katikati. Kwenye pasi nyingi nukta moja ni karibu digrii 110, mbili ni 150, tatu ni 200. Pasi ya makala haifai: huku inawaka, huku imepoa, na hakuna anayejua kipimo chake.

Neno moja zaidi, na ninawaomba wazazi walisikie, sababu wengi wetu tunakula mkate wa mgodi. Vijana wanapokea sasa nguo za kazi kutoka kwa kampuni ndogo ndogo, waandike majina. Nguo ya mwenye kushomea vyuma, au ya mwenye kukaa karibu na tanuru, imetengenezwa ili isishike moto. Ukiibandika vinili ya kawaida, umeweka juu ya kifua cha baba wa watu kitu kinachoyeyuka na kushikamana na ngozi. Usifanye bila ruhusa ya msimamizi wa usalama. Pia usipitishe presi juu ya mikanda ya kuangaza usiku, wala usiifunike kwa maandishi makubwa. Dereva wa lori anamwona mutu gizani kwa mikanda ile.

Mteja atasema: "We bandika tu, mi najua." Umujibu kwa upole: "Mama, hii nguo haitashika. Leta ya pamba, ama tuipime kwanza." Labda ataenda kwa jirani. Muache aende. Triko ikiharibika, atakumbuka nani alimwambia kweli, na atarudi.

Vijana wetu watatu wangali wanafanya kazi. Ukutani kwao wametundika kamba, na juu yake vipande vya vitambaa vyote walivyojaribu, kila kimoja na digrii zake na tarehe ya kufuliwa. Cha kwanza ni kipande cha triko nyekundu yenye herufi ya rozi. Nikiingia wanakionyesha kwa kidole, wanacheka. Na mimi ninacheka pamoja nao, lakini siku hizi wakienda sokoni siwachagulii tena kitambaa. Ninabeba kibiriti tu.

Kuuliza si ujinga. Tuonane mwezi kesho.

Mchungaji wenu