Nyika Ina Wenyewe

Ile picha mnaijua. Machweo mekundu kama damu, wingu jeusi limetanda, ndovu watatu chini ya mgunga, na binadamu hakuna. Iko vibandani Diani, iko ukutani hotelini, na mgeni akiitazama anashusha pumzi: hii ndiyo Afrika halisi!

Halisi ya nani? Mimi naisoma hivi: hapo kuna mtu amefutwa. Wala si kwamba haiwezekani kumchora. Akseli Gallen-Kallela wa Ufini, aliyekuja Kenya mwaka 1909, alichora mbuga, na Wakikuyu pia akawachora. Utupu huu ulianza kwa maneno. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliopita Taru waliiita jangwa, na Mijikenda wakaitwa Wanyika. Eti nchi ni pori, na watu ni sehemu ya pori.

Haya, shuka Taru, barabara ya Mombasa–Nairobi, ulione hilo jangwa. Mduruma anachunga ng'ombe. Mama ana dumu, anatoka silanga lililobaki tope. Ndovu naye yupo, tena usiku yumo kwenye mahindi ya watu. Huyo si pambo, ni jirani msumbufu.

Mtasema ni picha tu. Hapana. Macho yakizoea kuona nchi tupu, siku ya kuigawa nani atawauliza wenyewe? Wachoraji wa Diani, wingu mnalijua kulichora. Basi chini yake mchoreni na anayelisubiri.