Tusione haya kufunzwa ukubwani

Nilipowaambia jirani zangu hapa Mombasa kwamba naondoka kwenda Kisii kujifunza kutengeneza shanga za mawe, mmoja aliniuliza kama nimekosa wajukuu wa kucheza nao. Sikumjibu. Mwanamke aliyekwisha kutimiza miaka 58, mwenye buibui na miwani puani, akisema anakwenda kufunzwa kazi ya mkono, watu wetu hudhani ama amerukwa na akili ama biashara zake zimemwendea kombo. Kwetu mtu akishaoza mtoto huhesabiwa kuwa amemaliza kujifunza, na lililobaki ni kutoa nasaha tu. Nataka kulipinga wazo hilo katika ukurasa huu, na ushahidi wangu ni mikono yangu hii miwili, ambayo ninapoandika haya bado ina michubuko.

Nilifikia mjini Kisii siku chache baada ya Idi, kwa shoga yangu wa siku nyingi, Mnubi aliyezaliwa hapo hapo. Wengi wetu wa pwani tunasahau kwamba mji ule una Waislamu wake na misikiti yake, na kwamba wajukuu wa wale askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza wamekaa huko hata wamekuwa wenyeji. Shoga yangu mwenyewe ni fundi. Husuka tabaga, ambayo ni kawa ya kufunikia chakula, yenye rangi nyingi kuliko kawa zetu za ukindu. Usiku wa kwanza tulikaa tukilinganisha misuko mpaka taa ikazimika.

Asubuhi tukashika njia ya Migori, kisha gari ikakata kuingia vilimani mpaka Tabaka. Hicho ndicho kijiji kilichomtoa Elkana Ong'esa, mchongaji ambaye ndege wake wa amani yuko katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Jiwe lake ndilo lile tulionalo kila siku likiuzwa mbele ya mahoteli yetu, visahani, vinyago vya ndovu na vibao vya sataranji, na ambalo wachuuzi wengine humwambia mgeni kwamba ni kazi ya Wamasai. Msomaji, Wamasai hawana habari nalo. Linachimbwa na Wagusii kwa sururu na mitaimbo, katika mashimo yaliyo wazi kando ya mashamba yao, na lina rangi yake lenyewe: jeupe kama tui, jengine la manjano hafifu, jengine la waridi lenye mishipa kama ya kiganja cha mtoto. Likitoka chini likiwa bichi hukubali kisu na panga. Likikauka huwa gumu kidogo.

Karakana niliyopelekwa ni banda la mabati lisilo kuta. Mbele walikaa wanaume, wakichonga kwa panga fupi, visu na tupa, vumbi limewatanda nyusi hata vijana wakaonekana wazee. Nyuma walikaa wanawake, kila mmoja na beseni lake la maji. Nikaambiwa nikae nyuma. Mwalimu wangu alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa pili. Nilimwamkia kwa neno la Kigusii nililofunzwa njiani, "Bwakire", akacheka, akaitikia, akaniwekea msasa mkononi.

"Mama, maji kwanza," akaniambia. "Ukisugua kavu utalichuna jiwe, na vumbi lote utalila wewe."

"Haya mwanangu, nifunze," nikasema.

Siku ile nzima sikugusa keekee wala msumeno. Nilisugua kisahani kimoja. Unaanza na msasa wa chembe kubwa, unazamisha jiwe majini, unasugua kwa mzunguko, unazamisha tena. Alama za kisu zikipotea unachukua msasa wa pili, kisha wa tatu ulio laini kama kitambaa. Ukiruka mmoja, ile mikwaruzo uliyodhani imekwisha hutokeza mwisho kabisa, jiwe likishakauka juani na kutiwa nta. Hapo hakuna la kufanya ila kurudi mwanzo. Mimi niliruka. Nilirudi mwanzo mara mbili, na yule binti hakuniambia "si neno, ni kizuri hivyo hivyo", kama wanavyoambiwa wageni. Alikitazama, akakitumbukiza tena katika beseni.

Siku ya pili tukaanza shanga. Nilikuwa nimetia nia ya kutengeneza tasbihi ya punje 33, na nilikuwa na wasiwasi juu ya hilo, kwa sababu wale akina mama ni Waadventista, na Jumamosi hawagusi jiwe. Nilipowaeleza, swali lao lilikuwa moja tu: punje ngapi, na uzi utapita upande gani? Hukatwa kijiti cha jiwe kwa msumeno mwembamba, kijiti hukatwa vipande sawa, kila kipande hutobolewa, ndipo huviringishwa. Nilidhani nina akili kuliko waliotangulia, nikaviringisha punje nane kwanza, zikapendeza, kisha nikazitia keekee. Zote nane zilipasuka. Binti yule alikusanya vile vipande akanirudishia kiganjani bila kusema kitu. Toboa kwanza: jiwe likitaka kupasuka lipasuke kabla hujalimalizia jasho lako. Sasa naijua sababu hiyo, na nisingeijua kwa kuambiwa.

Hapa ndipo nilipo na la kusema juu ya haya madarasa ya kazi za mikono ya watu wazima, ambayo siku hizi yameenea mijini na katika mahoteli. Miaka michache nyuma nilihudhuria moja katika hoteli ya pwani ambayo sitaitaja. Tulikaa kivulini, tukaletewa shanga zilizokwisha kutobolewa, uzi uliokwisha kukatwa, na vikulabu vya herini vya dukani. Kazi yetu ilikuwa kupitisha uzi tunduni. Baada ya saa moja tukapigwa picha, tukaambiwa sote mafundi. Aliyezitoboa zile shanga hakuwepo, jina lake halikutajwa, wala hakuna aliyetwambia kama alipata chochote katika ada tuliyotoa. Huko si kufunzwa. Ni kuuziwa bidhaa kwa bei ya juu na kusaidia kuifunga. Mtu mzima anayelipa fedha zake anastahili kuheshimiwa kwa kukosolewa, na darasa ambalo hakuna kitu kinachoweza kukuharibikia haliwezi kukufunza kitu.

Lakini nisiwaonee wenye mahoteli peke yao. Sisi wenyewe wa pwani tuna kosa letu, na langu ni la nyumbani. Mjomba wangu alikuwa mfua fedha Lamu. Alifua pete, vikuku na vipini, na siku za mwisho akawa anachukua vigae vya sahani za kale za Kichina, anavizungushia fedha na kuvifanya pete, kazi ambayo hata leo wageni huifuata Lamu. Alikuwa na namna yake ya kulehemu ambayo hakumwonyesha mtu. Akingoja mtoto wa kiume wa kumrithi, Mungu akamruzuku mabinti watano. Nilikuwa na miaka 30 na watoto wawili nilipomwomba anifunze mimi. Alicheka, akanambia mkono wa mtu mzima umekwisha kukauka, tena wa mwanamke. Alipofariki, fuawe lake, koleo zake na kalibu zake ziliuzwa kwa mizani kama vyuma vikuukuu. Pete moja ya mkono wake ninayo. Kila ninapoitazama mahali ilipoungwa sioni mshono, na hakuna aliye hai katika ukoo wetu awezaye kunieleza alifanyaje.

Na tusijidanganye kwamba kazi ya jiwe na shanga ni ya watu wa bara, sisi twaiga tu. Wataalamu wa mambo ya kale waliofukua mji wa Shanga, katika kisiwa cha Pate, walikuta vigae vya vyungu vyenye mifuo ambavyo wazee wetu walisugulia shanga za kombe zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kilwa na Manda kumepatikana vipande vya vyombo vya jiwe laini vilivyoletwa kwa jahazi kutoka Bukini. Mwanamke wa Shanga aliyekaa na kigae chake akisugua kombe angemwelewa mara moja yule binti wa Tabaka na beseni lake, pengine kuliko anavyotuelewa sisi tunaonunua shanga za plastiki kwa ratili.

Wanaosema mtu mzima hafunziki nawakumbusha habari za Mutisya Munge wa Wamunyu, Ukambani. Alikuwa mtu mzima alipopelekwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza huko kuchonga miti, akarudi kwao na ujuzi huo. Kutoka kwake ikatokea kazi iliyoenea Ukambani kote, na mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba wakaanzisha chama chao cha ushirika hapa hapa Changamwe. Mamia ya watu wamekula mkate wa mtu mmoja aliyekubali kufunzwa ukubwani na watu wasio kabila lake.

Najua atatokea atakayesema mawe ya Kisii ni masanamu, na Mwislamu hana haja nayo. Kweli wanachonga ndovu na viboko, kwa kuwa ndivyo watalii wanavyotaka. Mimi sikuchonga chenye roho, wala hakuna aliyenilazimisha. Kuna visahani, vikombe, vijaluba, vishikio vya misahafu, na kuna vyetezo. Nilitengeneza chetezo kimoja, na hapa niungame: niliporudi nyumbani nilikitia makaa ya moto moja kwa moja kwa pupa ya kufukiza udi, kikapasuka ubavuni. Cha pili, alichonichongea mwalimu wangu, nakiwekea kwanza tabaka nene la majivu, na mpaka leo kizima.

Siku ambayo kazi ilisimama, shoga yangu alinichukua mpaka Keroka, soko lililo mpakani mwa Kisii na Nyamira, na kutoka hapo tukapanda kwenye vilima vya majani ya chai kumwona bibi mmoja wa Nyamira asukaye ekee, kikapu kilichobanwa sana ambacho huwekewa ugali wa wimbi. Bibi yule alituhadithia pia habari za ebitinge, pete za chuma za miguuni ambazo zamani mwanamke wa Kigusii alivishwa ndoa yake ilipokamilishwa kwa sherehe kubwa ya enyangi. Nikamwonyesha vikuku vyangu vya fedha, vya mama yangu. Alivipima kwa mkono akasema vyao vilikuwa vizito zaidi. Sijui kwa nini, lakini aliposema hivyo nilijiona niko kwa shangazi yangu Siyu.

Jambo moja lilinikera Tabaka, na siwezi kulinyamazia kwa sababu tu nilikula ugali wao. Mchongaji ndiye anayeitwa fundi, na mchuuzi ndiye anayepata faida, ilhali kusugua ndiko kunakokula siku. Mwanamke analipwa kwa kipande. Nilisugua kisahani kimoja siku nzima, yeye husugua rundo, mtoto mgongoni, maji ya baridi mpaka viwikoni. Kama darasa la watu wazima lina maana yoyote, basi liwe njia ya kumtoa mama huyu nyuma ya banda. Yeye ndiye mwalimu. Ada nilipe mkononi mwake, siyo kwa mtu wa ofisini aliyeniuzia nafasi, na jina lake liandikwe chini ya sahani kwa ncha ya kisu. Na wale vijana wa mbele, mtu awafundishe kufunga kitambaa puani.

Ningependa kuwaona akina mama watatu au wanne kutoka Tabaka wakialikwa Mombasa au Lamu kwa mwezi mmoja, wakae na mafundi fedha waliobakia, nao wazee wale wakubali kufungua milango yao kwa mtu yeyote aliye tayari kuunguza vidole, awe kijana, mjane au mwalimu aliyestaafu. Punje ya jiwe la Kisii ikipata kifuniko cha fedha ya Lamu, na upindo wa ukindu wa Pate, hapo tutakuwa na kitu cha kumwekea mgeni mbele bila kumdanganya kimetoka kwa nani. Majumba ya kufanyia tunayo. Kumbi zetu za harusi hukaa tupu kutoka Jumatatu mpaka Alhamisi.

Mimi nilikaa siku chache tu, na katika punje 33 nilizokusudia nimetoka na 19. Si za mviringo kamili, na moja ina ufa ambao binti yule alitaka nikitupe, nikamficha. Nimezitunga katika uzi wa muda, zimo katika kijaluba karibu na pete ya mjomba. Zimebaki punje 14, na nimekwisha kumpelekea salamu kwamba mvua zikipungua nitarudi, aniwekee beseni.