Oili iandikwe kwenye mkataba wa bodaboda

Msimu wa mavuno ya mpunga ukifika, bodaboda za Igawa, katika bonde la Usangu, hubebeshwa kupita uwezo wake. Gunia linatolewa shambani, linapitishwa kwenye tope la mifereji hadi barabara kuu ya Dar es Salaam–Tunduma, kisha pikipiki inarudi kufuata jingine. Ni gia ndogo, mwendo wa pole na jua la Usangu. Injini ikichemka na kuishiwa nguvu, wapo madereva wanaoimwagia maji na kuendelea na safari.

Maji hayo ni hatari. Boxer na TVS HLX zilizojaa vijiweni hazina rejeta: joto la injini zake huondolewa na upepo unaopita kwenye mapezi ya silinda, pamoja na oili inayozunguka ndani. Injini kama hizo hugeuza takribani robo tu ya nishati ya petroli kuwa mwendo. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni joto. Chuma kilichochemka kikipata maji ya baridi ghafla kinaweza kupinda au kupasuka. Injini izimwe, ikae kivulini ipoe yenyewe.

Chanzo hutafutwa baadaye. Tope lililokaukia katikati ya mapezi ni blanketi. Litolewe kwa kijiti na brashi injini ikiwa imepoa. Plagi ifunguliwe: rangi ya kahawia hafifu ni nzuri, nyeupe huashiria petroli kidogo au hewa inayovuja kwenye maungio ya kabureta. Gurudumu likiinuliwa na kugoma kuzunguka, breki inakamata na injini inalipa. Tapeti zikibana mno, valvu ya ekzosi huungua. Na dereva aliyefunga turubai mbele ya miguu kwa baridi ya Makambako alifungue anaposhukia Igawa, maana limeuziba upepo wa injini pia.

Mafundi wanayajua haya yote. Kinachoua injini ni mkataba.

Kwa mkataba huo, kijana hupeleka hesabu kwa tajiri mwenye pikipiki mpaka iwe yake, na siku ya servisi haina nafasi katika hesabu hiyo. Oili inaahirishwa, au inawekwa ya gari kwa kuwa ndiyo iliyopo. Baadhi ya oili za gari huifanya klachi ya pikipiki iteleze, na klachi inayoteleza huzidisha joto. Siku kadi inapobadilishwa jina, kijana anakabidhiwa injini inayotoa moshi. Huo si uungwana, hata kama kila senti imelipwa.

Mkataba utaje kilometa za kubadili oili kama kitabu cha pikipiki kinavyoelekeza, nusu siku ya servisi isiyodaiwa hesabu, na nani ananunua oili. Vyama vya bodaboda vinaweza kuandaa nakala moja ya kutumiwa na wote. Wakati wa mavuno kilometa hizo zipunguzwe, kwani safari za shambani kwa gia ndogo huchosha oili mapema, hata pale mita inaposoma umbali mfupi.