Umenunua Pikipiki ya Mkononi: Je, Ni Yako?

Huenda wewe ni mmoja wa wale waamkao Gatete alfajiri, wakapangusa umande juu ya kiti cha pikipiki, wakashika njia ya Rumonge kabla jua halijachomoza juu ya milima. Pikipiki yako, kama yangu, haikutoka dukani. Uliinunua mkononi mwa mtu, naye aliinunua mkononi mwa mwingine. Hakuna aibu katika hilo. Mshahara wa mwalimu haununui chombo kipya, na nauli ya kwenda na kurudi kila siku humeza fedha ya mboga. Lakini naomba tuulizane: je, pikipiki hiyo ni yako kweli?

Mimi nililijibu swali hilo vibaya kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Aliyeniuzia alinikabidhi hati ya usajili na karatasi iliyochanwa daftarini, yenye sahihi zetu mbili, nami nikaona nimemaliza. Siku niliyosimamishwa njiani, askari alisoma jina lililoandikwa katika hati akaniuliza, "Mwalimu, huyu ni nani?" Halikuwa jina langu, wala la aliyeniuzia. Wanafunzi wangu wawili walikuwa wakipita. Nilitahayari mbele yao kama mtoto aliyekamatwa na embe la jirani.

Aibu ile ilipita. Lililobaki ni swali ambalo askari hakuniuliza. Kama asubuhi ile ningemgonga mtoto anayevuka na dumu lake la mawese kwenda sokoni, jamaa zake wangemdai nani? Wangeambiwa wamtafute mtu ambaye hata mimi simjui. Sheria inatulazimisha kuwa na bima si kwa ajili yetu tu, bali kwa ajili ya huyo anayetembea kwa miguu. Karatasi zisizolingana humfungulia kila mhusika mlango wa kutorokea, akabaki aliyevunjika mguu peke yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naona hata haki ya jirani hupotea vivyo hivyo. Basi kabla ya kutoa fedha, linganisha namba iliyogongwa kwenye chuma cha fremu na ile iliyo katika hati, kisha fuatana na muuzaji hadi Ofisi ya Mapato, OBR, mkahamishe jina. Asiyetaka kufuatana nawe amekwisha kukujibu.

Kuhusu matunzo, watazame wavuvi wetu. Hakuna mvuvi anayesukuma mtumbwi majini bila kuutazama ubavuni, na ukivuja huuziba kwanza. Sisi wenye pikipiki tunawasha na kuondoka. Mnyororo umelegea hata unapiga kelele, pedi za breki zimekwisha, taa ya nyuma imekufa tangu masika, na nyuma tumempakia mama mwenye mtoto mgongoni. Utaniambia, "Mwalimu, umaskini." Naujua umaskini, lakini hesabu haikubaliani nawe. Injini ndogo ya namna zetu huhitaji takriban lita moja tu ya oili. Anayeahirisha kuibadilisha huja kuuona moshi wa bluu, na moshi huo ni dalili kwamba ringi za pistoni zimelika. Hapo atalipa mara nyingi zaidi ya bei ya ile lita. Kofia ngumu nayo, utafiti uliojumlishwa kutoka nchi mbalimbali umeonyesha kwamba hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Abiria wako naye ana kichwa.

Upo mzigo usio wetu. Uhaba wa mafuta uliotuandama miaka hii si kosa la mwendesha pikipiki, na raia anayo haki ya kuwauliza viongozi wake kwa nini vituo vya mafuta vimekauka. Hata hivyo petroli ya chupa, iliyopita mikono isiyojulikana, huenda imechanganywa na mafuta ya taa au maji. Na dumu linalofichwa chini ya kitanda ni moto uliolazwa pamoja na watoto.

Linalonisumbua zaidi nimelihifadhi hadi hapa. Oili chafu tunaimwaga wapi? Nimeona kwa macho yangu ikimwagwa mtaroni, mweusi wake ukiteremka na mvua kuelekea ziwani. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na ukubwa huo ndio unaotudanganya. Mlango wake wa kutokea ni mmoja, Mto Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengi huondoka kwa kugeuka mvuke tu, na oili haiondoki na mvuke. Wataalamu hukadiria kwamba maji ya ziwa hili hukaa humo karne kadhaa. Mwaka 2003 Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa kulilinda, na makao ya mamlaka yake yako Bujumbura. Lakini mkataba haushiki kopo chini ya injini yako. Wewe ndiye unayelishika.

Fundi wangu sasa ananikubalia niifunge oili chakavu katika dumu. Maseremala huja kuichukua wapake nguzo zisiliwe na mchwa. Si suluhisho kamili, kwa kuwa nguzo nazo hunyeshewa. Ningependa kuona pipa moja lenye mfuniko kila mahali mafundi wanapokusanyika, na mtu wa komuni anayejua linapelekwa wapi likijaa. Katika mkutano ujao wa mtaa nitalisema. Njoo nawe, hata kama pikipiki yako bado ina jina la mtu mwingine.